Kupiga Vyuma Dar kwa Anayeanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jimu yetu iko uani kwa watu, Mabibo: bati juu, udongo chini, kioo kimoja chenye ufa, na vyuma ambavyo nusu yake vilikuwa ekseli za magari. Maswali haya naulizwa kila wiki, mengine kwa sauti, mengine kwa kunong'onezwa wakati wenzake muulizaji wameenda kunywa maji. Nimeyaandika yanavyokuja.

Kocha, nina kitambi halafu mikono myembamba. Nikate kwanza au nijaze kwanza?

Vyote kwa pamoja. Mwenye kitambi na mikono kama mianzi ndiye ninayempokea mara nyingi kuliko wote, na ana bahati ambayo mkongwe hana: mwili ambao haujawahi kubebeshwa mzigo huitikia haraka, unajenga misuli huku ukila akiba ya tumboni. Unachotakiwa kufanya ni kupiga vyuma mara tatu kwa wiki, kula protini ya kutosha na kupunguza chakula kidogo, kalori 300 hadi 500 kwa siku chini ya zile unazotumia. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takribani kalori 7,700, kwa hiyo ukipunguza 500 kila siku utapoteza karibu nusu kilo kwa wiki. Anayekuahidi kilo kumi kwa wiki mbili anakutoa maji na choo.

Kama wewe ni mwembamba kuanzia shingo hadi kifundo, usipunguze kitu. Ongeza kalori 200 au 300, uwe mvumilivu.

Nikipiga tumbo mara mia mbili kila siku, kitambi kitaisha?

Hapana. Misuli ya tumbo itakomaa chini ya mafuta, na mafuta yatabaki palepale. Mwili hauchagui mahali pa kuchoma kwa sababu umepatikisa zaidi hapo. Kwa wanaume wengi tumbo ndilo la kwanza kujaa na la mwisho kuondoka.

Na hao wanaokimbia ufukweni Coco wakiwa wamejifunga nailoni tumboni chini ya fulana, wanachopoteza ni jasho. Wakinywa chupa mbili za maji uzito umerudi. Kwa joto letu hili mchezo huo unaweza kukuangusha.

Sina hela ya jimu. Naweza kuanzia nyumbani?

Unaweza, na miezi mitatu ya kwanza hutaona tofauti kubwa. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, ukiijaza nusu ni kilo 10. Kopo la rangi la lita 4 likijazwa zege linafika kilo tisa na ushee. Chomeka bomba kabla halijakauka, upande wa pili kopo jingine, tayari una chuma. Ukitaka kujua uzito kamili, nenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu na uwaombe wakupimie. Watakucheka, lakini watapima.

Ongeza pushapu, skwati (kuchuchumaa na kusimama) ukikumbatia kopo kifuani, na mahali pa kuning'inia. Hapo kwenye kuning'inia ndipo wengi hukwama, maana migongo haijengwi kwa pushapu. Tafuta goli la uwanja wa mpira au tawi la mti usilolionea shaka.

Nipe ratiba.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, mwili mzima kila siku. Skwati. Kusukuma, iwe benchi, yaani kulala chali na kusukuma chuma juu, au pushapu. Kuvuta, yaani kuinama na kuvuta chuma kuelekea tumboni, au kujivuta juu ya bomba. Kuinua chuma kutoka chini, ile dedlifti. Kupandisha chuma juu ya kichwa. Kila zoezi seti tatu, marudio 8 hadi 12 (unafanya mara 8 hadi 12 mfululizo, hiyo ni seti moja), pumziko la dakika mbili au tatu kati ya seti kwenye mazoezi mazito. Saa moja inatosha. Anayekaa saa tatu, ukimchunguza, mbili kati yake anazungumzia Simba na Yanga.

Halafu daftari. Hili nalisisitiza mpaka vijana wamenipa jina la "Mwalimu wa Daftari". Andika tarehe, zoezi, uzito, marudio: *skwati, kilo 40, 8-8-7*. Siku nyingine unataka 8-8-8. Ukifikisha 12 kwa seti zote tatu bila kupinda mgongo, ongeza kilo mbili na nusu, urudi kwenye 8. Misuli hukua kwa kuombwa zaidi ya jana, na bila maandishi hujui jana uliiomba nini. Nina watu wamebeba uzito uleule tangu tulipohamia uani hapa. Wanatokwa jasho vizuri sana, basi.

Nibebe uzito gani siku ya kwanza?

Uzito unaokuachia marudio mawili au matatu mfukoni. Umefanya kumi na unajua ungeweza kumi na mbili, ndio huo.

Mimi sikufanya hivyo. Mwezi wangu wa kwanza, miaka mingi iliyopita, kwenye jimu moja ambayo siitaji, kulikuwa na baunsa wa miraba minne na wasichana wawili wamesimama mlangoni wakisubiri mtu. Nikanyanyua chuma alichokiacha yeye. Kilipanda mpaka magotini, mgongo ukapinda kama upinde, nikasikia kitu kama kamba inavutwa kiunoni. Wiki tatu nilikuwa naingia kwenye daladala kwa kushikiliwa mkono na konda. Wale wasichana hawakuona hata kidogo, walishaondoka.

Protini kiasi gani, na nitaipataje bila kufilisika?

Gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku ni kipimo kizuri. Mwenye kilo 70 anahitaji kama gramu 112. Wengi wakisikia hivyo wanafikiri poda. Ngoja tuhesabu kwa chakula cha Dar.

Asubuhi, mayai matatu na kikombe cha maziwa: gramu 26. Mchana, ugali wa kawaida, kikombe cha maharage yaliyopikwa na dagaa wakavu kiganja kizima, kama gramu 40 kabla ya kupikwa: hapo ugali wenyewe una gramu kama 12, maharage 15, dagaa zaidi ya 20. Jumla inakaribia 50. Usiku wali na kibua mmoja wa wastani: kama 35. Umefika 110, hujanunua kopo wala hujaenda supamaketi.

Dagaa ni mali ambayo watu wa jiji hili wanaidharau kwa sababu ni rahisi. Wakavu, robo tatu ya kile unachotafuna ni protini na madini. Nunua Kariakoo au Mabibo sokoni, toa vichwa kama vinakukera, osha kwa maji ya moto mchanga utoke, kaanga kwa mafuta kidogo na nyanya nyingi. Samaki wabichi ukitaka bei nzuri nenda Feri asubuhi, na uende na mtu anayejua kubishana.

Mchana nakula kwa mama ntilie. Nitapangaje chakula?

Tazama sahani anayokupa. Mlima wa wali, ubavuni maharage vijiko viwili, nyama vipande viwili vidogo ambavyo kimoja ni mfupa, mchicha kidogo wa kupendezesha, halafu mchuzi unaoelea mafuta anaomwagia juu kwa upendo. Wali peke yake unaweza kuwa na gramu 400, ambayo ni kalori zaidi ya 500, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120. Sahani si mbaya, imepangwa tu kwa ajili ya mtu anayekwenda kubeba mizigo mchana kutwa, na wewe unarudi kukaa kwenye kiti.

Kwa hiyo sema naye. "Shikamoo mama, leo naomba wali nusu, maharage mara mbili, mboga za majani zijae, mchuzi usimwagie." Siku ya kwanza atakuuliza kama unaumwa. Siku ya nne atakuwa anakuwekea hivyo kabla hujafungua mdomo. Wangu ameshaanza kuwaambia wateja wengine, "hii ni ile sahani ya watu wa vyuma."

Niache ugali?

Usiache. Punguza tonge, si ugali. Kitambi cha Dar naona kinaletwa zaidi na vitu ambavyo watu hawavihesabu kama chakula: chai ya sukari vijiko vitatu mara nne kwa siku, ambayo ni kalori karibu 200, soda ya chupa, yenye sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai, andazi la "kushikilia" saa nne, juisi ya miwa kituoni. Kata hivyo kwanza. Watu wengi kiuno kimepungua kabla hawajagusa ugali.

Na chipsi mayai?

Sahani ya zege, yaani hiyo chipsi mayai, na mafuta yake hukaribia kalori 900. Mara moja kwa wiki, sawa, nami nakula. Kila usiku ukitoka kazini, basi unachimba kwa mkono mmoja na kufukia kwa mwingine. Mwambie akupe mayai matatu na chipsi nusu, na kachumbari ijae.

Poda ya protini ni lazima?

Si lazima. Ni maziwa yaliyokaushwa: majimaji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, yakachujwa na kukaushwa. Haina siri nyingine. Inamfaa anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi mwendokasi na hana pa kupikia yai.

Kabla hujanunua, piga hesabu hii. Trei moja ya mayai 30 ina protini gramu 180. Kopo kubwa la ratili tano, kama kijiko chake cha kupimia kinatoa gramu 24 na vijiko viko 71, lina kama gramu 1,700. Sawa na trei tisa na nusu. Uliza bei ya trei mtaani kwako, zidisha kwa tisa na nusu, halafu linganisha na bei ya kopo. Kinachozidi hapo unalipia urahisi na ladha ya chokoleti. Kama unaimudu, hiyo ni haki yako.

Nitajuaje kama si feki?

Hakuna njia ya uhakika kwa macho, lakini nitakuambia lililonipata. Nilinunua kopo kwa muuzaji mmoja aliyesema amepata "mzigo wa rafiki kutoka nje", bei nusu. Kifuniko kimekaa vizuri, karatasi inang'aa. Nikanywa wiki mbili, tumbo likawa kama ngoma. Siku moja nikakoroga kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Kikawa uji. Uji kabisa, mzito, unaoshika mwiko. Protini ya maziwa ikipikwa hivyo hugandamana na kuwa mabonge kama maziwa yaliyokatika. Kinachofanya uji ni unga. Nilikuwa nanywa unga na sukari kwa bei ya nyama.

Jaribio hilo linakamata wezi wavivu tu. Zaidi ya hapo, nunua dukani panapotoa risiti, angalia namba ya toleo na tarehe, na kama lakiri ya ndani ya mdomo wa kopo imeguswa, rudisha. Tangu 2019 usimamizi wa vyakula uko TBS (Shirika la Viwango) na wa dawa uko TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba); muuzaji anayekasirika ukimuuliza kama bidhaa yake imesajiliwa amekwishakujibu.

Kreatini je? Nasikia inaharibu figo.

Hii ndiyo pekee kwenye rafu nzima ninayoipendekeza kwa anayetaka kutumia kitu, na baada ya miezi mitatu ya daftari. Iligunduliwa kwenye nyama na Mfaransa Michel Eugène Chevreul mwaka 1832, na mwili wako unaitengeneza wenyewe kila siku. Kilo moja ya nyama mbichi ya ng'ombe ina kama gramu 4 au 5, kiasi kilekile ambacho kijiko kimoja cha chai kinakupa. Inakusaidia kufanya marudio moja au mawili zaidi kwenye seti nzito, na hayo yakijumlishwa kwa miezi yanaonekana.

Gramu 3 hadi 5 kwa siku, saa yoyote, kila siku. Nunua ile ya kawaida, monohaidreti. Hizo nyingine za majina marefu zinaongeza bei tu. Wiki za mwanzo unaweza kuongezeka kilo moja au mbili, ni maji yanayoingia kwenye misuli, usishtuke.

Kwa mtu mwenye figo nzima tafiti hazijaonyesha madhara kwa kipimo hicho. Ila kipimo cha damu cha kreatinini, kile cha kuangalia figo, kinaweza kupanda bila figo kuwa na tatizo, kwa hiyo ukipimwa mwambie daktari unatumia. Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse.

Vidonge vya kuchoma mafuta? Chai ya kupunguza tumbo?

Vidonge vingi ni kafeini kwenye vazi la gharama. Kikombe cha kahawa chungu ya kijiweni kinafanya kazi hiyohiyo. Vibaya zaidi ni vile ambavyo havisemi kilichomo. Bidhaa za namna hii zimewahi kukutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo. Zile chai nyingi zina majani ya sena, yanayoharisha. Umekaa msalani, hujapungua mafuta.

Kuna jamaa anachoma sindano na amejaa ndani ya miezi miwili. Nami?

Huyu ndiye anayeuliza kwa kunong'ona. Sikufichi: zinajaza. Sindano za homoni zinaambia mwili kwamba testosteroni ipo tele, mwili unaacha kutengeneza yake. Korodani husinyaa, mbegu hupungua au hukoma, wengine huota matiti, damu huwa nzito, mafuta ya damu huharibika, na moyo hubeba yote hayo kimya. Ukiacha ghafla unabaki huna ya kwako wala ya dukani, kwa miezi, na kwa wengine hairudi vizuri. Nimekaa na kijana wa miaka 26 ndani ya bajaji akilia kwa sababu yeye na mkewe wamesubiri mtoto miaka miwili. Kama umeshaanza, usiache kimyakimya, nenda kwa daktari umwambie ukweli.

Dada yangu amepewa vidonge vya kunenepa na kutoa hipsi. Vina shida?

Mwambie aache kununua na aende hospitali, hasa kama ametumia kwa wiki nyingi. Vidonge hivyo vinavyouzwa kwenye vipakiti bila maelezo mara nyingi ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi, au deksamethasoni, ambayo huvimbisha uso, hupandisha sukari na presha na hula misuli. Deksamethasoni ikishatumika muda mrefu haiachwi siku moja. Tezi zinakuwa zimelala, na kuacha ghafla kunaweza kumuangusha. Makalio yanajengwa kwa skwati na dedlifti. Inachukua muda, lakini hayo yanabaki.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naogopa nitatoka kama mwanaume.

Hutatoka hivyo. Testosteroni yako ni chini ya moja ya kumi ya mwanaume. Mama mmoja wa hapa kwetu anabeba kilo 70 kutoka chini na anapendeza kwenye dera kuliko alivyokuja. Ratiba ni ileile. Kama umejifungua karibuni, subiri ruhusa kliniki.

Joto la Dar linanimaliza. Ninywe nini?

Maji. Jipime kabla na baada ya mazoezi: kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji. Hewa yetu imejaa unyevu, jasho linatiririka bila kukauka, ndiyo maana Januari unachoka mapema kuliko Julai. Dafu ni zuri, lina potasiamu, lakini chumvi yake ni kidogo. Chumvi ya kwenye mboga inatosha kwa wengi. Vinywaji vya rangi vya kuongeza nguvu viache kwa madereva wa malori.

Ramadhani niache?

Usiache, punguza. Wengine hupiga nusu saa nyepesi kabla ya magharibi ili watoke moja kwa moja kwenye tende na maji. Mimi naona ni bora baada ya tarawehe. Siku mbili au tatu kwa wiki, uzito uleule, seti pungufu. Daku iwe na mayai, maharage au mtindi, si chai na mkate tu. Futari ya viazi, mihogo na tambi juu yake kaimati, hapo ndipo watu wanamaliza mwezi mtukufu wakiwa wameongezeka kilo tatu.

Nimepiga jana, leo siwezi kuketi. Nimeumia?

Kwa kawaida hapana. Maumivu ya namna hiyo huja siku ya pili, hukaa siku mbili tatu, hupungua ukitembea. Lakini maumivu makali ya kiungo, au ganzi inayoshuka mguuni, acha. Na ukikojoa mkojo wa rangi ya soda nyeusi baada ya mazoezi mazito, usisubiri kesho, nenda hospitali usiku huohuo: misuli imevunjika na inaziba figo.

Mwenye presha au kisukari aonane na daktari kabla ya kuanza, na asizuie pumzi akibeba.

Bia?

Chupa ya nusu lita ni kalori kama 200. Hesabu mwenyewe ulikunywa ngapi Jumamosi, na nyama choma iliyofuata.

Mwezi umepita, mizani haijashuka hata kilo.

Vaa suruali yako ya zamani. Kama imelegea, mafuta yametoka na misuli imeingia. Pima kiuno usawa wa kitovu kwa futi ya fundi cherehani, Ijumaa asubuhi kabla ya chai, kila wiki siku ileile. Kiuno kikigoma wiki tatu mfululizo, basi unakula zaidi ya unavyodhani. Andika kila kitu kwa siku nne, hata karanga za foleni ya Ubungo.

Niliacha miezi sita. Naanza sifuri?

Misuli iliyowahi kujengwa hurudi haraka kuliko ilivyokuja. Fungua daftari lako la zamani, tafuta skwati ya mwisho uliyoandika, ugawanye kwa mbili. Ndio uzito wa Jumatatu.